Umeme wa haidrojeni: Mtambo ungedumu saa ngapi Ilagala?

KATA ya Ilagala, katika Wilaya ya Uvinza mkoani Kigoma, ipo pale mto Malagarasi unapomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Ni nchi ya michikichi, mihogo, dagaa na migebuka. Kwa miaka mingi magari yanayotoka Simbo kuelekea Kalya yamekuwa yakivushwa mto huo kwa kivuko, na kifaa kilichoharibika upande wa pili husubiri kivuko hicho hicho kilete kipuri au fundi.

Hali hiyo ndiyo inayoyafanya mazungumzo ya umeme katika mwambao huo yawe tofauti na yale ya Dar es Salaam au Nairobi. Mjini mtu huuliza kwanza mtambo unauzwa kiasi gani. Ilagala swali la kwanza ni jingine: utafanya kazi muda gani kabla ya kumhitaji mtu ambaye hayupo?

Mkoa wa Kigoma unalijua swali hilo kwa uchungu. Kwa miongo mingi ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ukitegemea majenereta yaliyotumia dizeli iliyosafirishwa kutoka pwani, umbali wa takriban kilometa 1,250 kwa reli. Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani mkoani humo, alizindua umeme wa gridi na baadhi ya majenereta hayo yakazimwa. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, laini ndefu ya umeme inayokatiza misitu haikosi kukatika, na zipo shughuli zisizoweza kusubiri irejee: jokofu la chanjo, chumba cha kujifungulia, pampu ya maji na mnara wa simu.

Minara peke yake inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Mei 2023, jijini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Mnara unahitaji umeme usiku na mchana. Ukizimika, kinachokatika si maongezi tu, bali pia miamala ya fedha, wito wa gari la wagonjwa, na simu ya mvuvi aliyekumbwa na dhoruba ziwani.

Kwa kazi ya namna hiyo, duniani kumekuwapo kwa muda sasa mtambo unaoshindana na jenereta: seli za haidrojeni. Afrika Mashariki nayo imeusikia. Mwaka 2018 kampuni ya GenCell ya Israel ilitangaza makubaliano na kampuni ya Adrian ya Kenya kuhusu mitambo 800 ya aina hiyo kwa ajili ya minara ya simu. Septemba 2023 Kenya ilizindua mkakati wake wa kitaifa wa haidrojeni inayozalishwa kwa nishati jadidifu.

Vipeperushi vya wauzaji husema kuwa mtambo huo hauna moshi, hauna kelele, na kinachotoka katika bomba lake ni maji. Yote hayo ni kweli. Kinachoandikwa kwa herufi ndogo, au kisichoandikwa kabisa, ni kwamba seli ya haidrojeni huzeeka, na kwamba kasi ya kuzeeka kwake hutegemea mahali ilipowekwa na namna inavyotumiwa kuliko jina la kiwanda kilichoitengeneza.

Ili kuelewa jinsi inavyozeeka, ni lazima kwanza ieleweke jinsi inavyofanya kazi. Haidrojeni huingia upande mmoja, hewa huingia upande wa pili, na katikati yao upo utando wa plastiki maalumu, mara nyingi mwembamba kuliko unywele. Utando huo hupitisha kiini cha haidrojeni na kuzuia elektroni. Elektroni, zikiwa zimenyimwa njia ya mkato, hulazimika kuzunguka kupitia waya, na mzunguko huo ndio umeme. Upande wa pili viini na elektroni hukutana na oksijeni ya hewani, na maji hutokea. Hakuna kinachoungua kwa moto, wala hakuna pistoni inayopanda na kushuka.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. William Grove, mwanasheria na mwanasayansi wa Uingereza, aliionyesha mwaka 1839, miongo kadhaa kabla ya Rudolf Diesel kuunda injini yake. Kilichoichelewesha kwa zaidi ya karne moja ni uimara. Kuitengeneza seli ikatoa umeme leo si kazi ngumu sana. Kazi ni kuifanya itoe umeme ule ule baada ya miaka mitano.

Seli moja, ikiwa kazini, hutoa volti 0.6 hadi 0.7 tu. Kwa hiyo seli nyingi hupangwa pamoja, moja juu ya nyingine kama sahani kabatini, na kufanya bunda. Bunda la seli 60 hutoa takriban volti 42. Kwa kuwa umeme hupita katika seli zote kwa mfuatano, seli moja ikiharibika vibaya huliangusha bunda zima.

Uzee wa bunda hupimwa kwa kushuka kwa volti. Wahandisi huupima kwa kipimo kidogo mno, yaani sehemu moja ya milioni ya volti kwa kila saa ya kazi. Mtu asiyezoea atadhani hasara ya namna hiyo haina maana. Mahesabu yanaonyesha vingine. Kwa kawaida seli huhesabiwa imezeeka inapopoteza asilimia 10 ya volti zake, yaani volti 0.07 kati ya 0.7. Ikipoteza sehemu moja ya milioni kwa saa, itafika hapo baada ya saa 70,000, sawa na miaka minane ya kazi bila kupumzika. Ikipoteza sehemu mbili, itadumu saa 35,000, yaani miaka minne. Ikipoteza sehemu kumi, itakwisha baada ya saa 7,000, na hiyo haifiki hata miezi kumi.

Tofauti kati ya mtambo wa miaka minane na mtambo wa miezi kumi ni ndogo kiasi hicho, na mnunuzi hawezi kuiona kwa macho siku anapokabidhiwa funguo. Siku hiyo mitambo yote miwili hutoa umeme sawasawa.

Aidha, seli haifi ghafla kama balbu. Inapozeeka huendelea kutoa umeme ule ule kwa kula zaidi. Volti zikishuka kwa asilimia 10, bunda hulazimika kupitisha mkondo mkubwa zaidi ili kufidia, na hutumia haidrojeni zaidi kwa takriban asilimia 11. Joto nalo huongezeka, na joto huharakisha uzee. Mwenye mtambo huanza kuuona uzee katika ankara ya gesi kabla hajauona katika taa.

Mzigo wa gesi hiyo si mdogo. Kilo moja ya haidrojeni, katika mtambo wenye ufanisi wa asilimia 50, hutoa uniti 16 hadi 17 za umeme. Mnara unaotumia kilowati 2 muda wote unahitaji uniti 48 kwa siku, yaani karibu kilo 3 za gesi. Kilo 3 zinasikika kama si kitu, lakini haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote. Mtungi wa kawaida wa chuma wa lita 50, wenye uzito unaozidi kilo 60, hubeba pungufu ya kilo moja ya haidrojeni. Mnara mmoja ungehitaji mitungi minne hivi kila siku: robo tani ya chuma kuvushwa mto kwa ajili ya kilo 3 za gesi, na kisha chuma hicho kirudishwe kikiwa kitupu.

Basi ni kitu gani hasa kinachochakaa ndani ya mtambo usio na kitu kinachosuguana? Cha kwanza ni platini. Madini hayo ghali, ambayo Afrika Kusini huyazalisha kuliko nchi yoyote, hupakwa juu ya unga wa kaboni pande zote mbili za utando ili kuchochea haidrojeni na oksijeni zifanye kazi yake. Hupakwa katika chembe ndogo kupita kiasi, zenye upana wa sehemu mbili hadi tano za bilioni ya meta, kwa sababu chembe zikiwa ndogo eneo la kazi huwa kubwa. Kadiri saa zinavyopita, chembe hizo huyeyuka kidogo kidogo na kuungana, ndogo zikimezwa na kubwa. Platini haipotei sana. Eneo lake la kazi ndilo linalopungua.

Cha pili ni utando wenyewe. Ndani ya seli, pembeni mwa kazi inayotakiwa, huzaliwa kiasi kidogo cha haidrojeni peroksidi. Ikikutana na vumbi la chuma lililotoka katika bomba au kiungo chenye kutu, hugeuka kuwa chembe kali zinazoukatakata utando. Mabaki yake hutoka na maji katika bomba la nje yakiwa floridi, na fundi mwenye vifaa anaweza kuyapima maji hayo akajua utando umeliwa kiasi gani. Unyevu nao una madhara yake. Utando mkavu haupitishi umeme, na ukilowa mno maji huziba njia za hewa. Ukiwa unakauka na kulowa mara kwa mara, huvimba na kusinyaa hadi hutoboka vitundu. Kitundu kikishatokea, haidrojeni hukutana na hewa pasipo kupita njia halali, na hapo mtambo lazima uzimwe.

Cha tatu, ambacho kwa mazingira ya Kigoma ndicho cha kutazamwa zaidi, ni kuwashwa na kuzimwa. Mtambo ukikaa umezimwa, hewa huingia taratibu hata upande wa haidrojeni. Ukiwashwa, haidrojeni huisukuma hewa hiyo nje, na kwa nukta chache seli huwa na hewa nusu na haidrojeni nusu. Katika nukta hizo upande wa pili hupata msukumo wa umeme wa karibu volti 1.5, zaidi ya mara mbili ya kawaida yake, na kaboni inayoshikilia platini huliwa. Mara moja haina madhara makubwa. Mara elfu moja ni jambo jingine.

Hapa pana kinaya. Mtambo wa akiba hununuliwa kwa ajili ya mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, na kila umeme unapokatika seli huwashwa. Kwa maneno mengine, palipo na uhitaji mkubwa zaidi wa mtambo huo ndipo panapouzeesha haraka zaidi. Dawa ipo, nayo haina gharama ya kutisha: kuweka betri mbele ya seli. Betri ibebe ukatikaji wa dakika na wa nusu saa, na seli iamshwe tu pale giza linapoendelea. Betri pia hupokea mishtuko, kama ile ya pampu inapoanza kuzunguka, seli ikabaki na mzigo usiobadilika. Mtambo unaouzwa bila betri ya kutosha kwa bei nafuu ni ghali, ingawa ughali wake hauonekani mwaka wa kwanza.

Kukaa bure nako hakuzuii uzee. Katika malengo iliyoweka kwa ajili ya mitambo ya akiba ya mwaka 2020, Wizara ya Nishati ya Marekani iliandika saa 10,000 za kazi lakini miaka 15 ya maisha. Maana yake ni kwamba mtambo wa akiba hutumia sehemu kubwa ya umri wake ukiwa umelala, na katika usingizi huo mipira ya kuzibia hukakamaa, utando hukauka, na vali hushikana.

Wakazi wa mwambao wa Tanganyika hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mashine iliyolazwa vizuri. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Götzen, na maelezo ya kihistoria hupataja mahali penyewe kuwa ni karibu na mlango wa Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, wahandisi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kukuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Seli ya haidrojeni haipakwi grisi, lakini nayo ina namna yake ya kulazwa: kufungiwa hewa isipite, kuachiwa unyevu wake, na kuamshwa kwa ratiba ili ifanye kazi kidogo. Mtambo ulioachwa bila kuguswa hadi siku ya dharura si wa kutegemewa.

Kisha ipo hewa yenyewe. Seli huvuta hewa nyingi, na platini haichagui; hukamata kila kinachopita. Salfa ni adui mkubwa, kwa kuwa hung'ang'ania juu ya platini na kuziba nafasi ya oksijeni. Salfa hiyo hutoka katika moshi wa dizeli, na kosa rahisi kutendeka ni kuiweka seli mpya jirani na jenereta la zamani ili vitumie banda moja, ikawa inavuta pumzi chafu ya mzee inayemrithi. Moshi wa majani yanayochomwa mashambani wakati wa kiangazi, wa majiko ya kuchemshia mawese na wa mabanio ya samaki nao hauifai. Chujio la vumbi peke yake halitoshi. Linahitajika chujio lenye kaboni ya kunyonya gesi, na chujio hilo hujaa na kuhitaji kubadilishwa kama oili ya jenereta inavyobadilishwa.

Jenereta lenyewe halipaswi kubezwa katika ulinganisho huu. Jenereta dogo la dizeli hutaka oili mpya kila baada ya saa 250 hivi. Likiwa linafanya kazi bila kuzimwa, hizo ni siku kumi tu. Seli haitaki huduma ya mara kwa mara kiasi hicho, na hapo ndipo inapolishinda jenereta. Lakini jenereta likileta matatizo, fundi wa Ilagala, wa Uvinza au wa Ujiji ana spana na ana uzoefu. Utando uliotoboka hakuna spana inayouponya. Bunda hung'olewa na kupelekwa kiwandani.

Hali ya gesi ni hiyo hiyo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14687, kwa haidrojeni ya seli zinazoendesha magari, kinadai usafi wa asilimia 99.97. Kaboni monoksidi isizidi sehemu 0.2 katika milioni, na salfa isizidi sehemu nne katika bilioni. Haidrojeni iliyotolewa katika gesi asilia au methanoli huja na kaboni monoksidi, ambayo huikaba platini kama inavyomkaba mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani, hivyo lazima isafishwe kwanza.

Njia safi zaidi ni kuyapasua maji kwa umeme wa jua. Kwa Ilagala wazo hili linavutia, maana ziwa lipo mlangoni. Kilo moja ya haidrojeni hutaka lita 9 za maji, kwa hiyo kilo 3 za mnara ni lita 27 kwa siku, dumu moja na ziada. Hata hivyo, maji ya Ziwa Tanganyika yana magadi na magnesi kwa wingi, na yale ya mlangoni mwa Malagarasi hubeba tope. Yakiingizwa hivyo hivyo katika mtambo wa kupasulia, magnesi na chokaa hukaa ndani ya utando mahali pa haidrojeni na kuuziba. Lazima yachujwe mpaka yabaki maji matupu, na vichujio hivyo navyo ni vipuri vya kuagizwa.

Kampuni ya GenCell ilichagua njia nyingine kwa minara yake: amonia, gesi ambayo viwanda vya samaki na barafu huijua kwa sababu huitumia kugandishia. Kampuni hiyo ilieleza kuwa tani 12 za amonia huutosha mtambo mmoja mwaka mzima. Tangi moja kwa mwaka badala ya mitungi minne kwa siku ni nafuu kubwa kwa mahali palipo mbali. Tatizo ni kwamba amonia kidogo inayobaki katika gesi huidhuru seli ya utando wa plastiki. ISO 14687 inaruhusu sehemu moja tu katika milioni kumi. Ndiyo maana mtambo huo ulitumia seli za aina ya alkali, ambazo haziiogopi amonia. Lakini seli za alkali zina udhaifu wake: huchafuliwa na kaboni dioksidi iliyomo katika hewa ya kawaida, hivyo hewa lazima ipitishwe kwanza katika chujio la kuiondoa. Hakuna seli isiyo na adui. Mnunuzi huchagua tu adui atakayemmudu. Na amonia yenyewe ikivuja huua. Si gesi ya kuhifadhiwa jirani na wodi.

Je, upo ushahidi kwamba seli zinaweza kudumu? Upo, na ni wa kutia moyo. Katika miaka ya 1960, seli za utando zilizotumiwa na vyombo vya anga vya Gemini vya Marekani zilihitajika kudumu kwa siku tu; safari ya Gemini 5, Agosti 1965, ilichukua siku nane. Mtambo wa PC25 wa kilowati 200, unaotumia asidi ya fosfori badala ya utando wa plastiki, ulianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na zaidi ya 200 kati ya hiyo ilifungwa katika nchi mbalimbali. Mmoja ulikuwa katika kituo cha polisi kilichomo ndani ya bustani ya Central Park jijini New York. Agosti 14, 2003, umeme ulipokatika katika sehemu kubwa ya kaskazini mashariki mwa Marekani, kituo hicho kiliendelea kuwa na taa.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Japani. Tangu mwaka 2009 mitambo midogo iitwayo Ene-Farm, yenye ukubwa wa chini ya kilowati moja, imefungwa katika zaidi ya nyumba 400,000. Iliyotangulia ilikusudiwa kudumu saa 40,000 hivi, na baadhi ya matoleo ya baadaye yalifikishwa saa 90,000, zaidi ya miaka kumi, ikivumilia kuwashwa na kuzimwa maelfu ya mara. Wajapani walifika hapo kwa kupunguza kasi ya uzee hatua kwa hatua. Lakini Japani fundi hufika kesho yake asubuhi, na gesi ya bomba haivushwi kwa kivuko.

Barani Afrika, jaribio lililo karibu zaidi na mazingira ya kijiji lilifanywa Afrika Kusini. Agosti 2014, karibu na mji wa Kroonstad katika jimbo la Free State, nyumba 34 za jamii ya Naledi Trust ziliunganishwa na seli za Ballard zinazotumia methanoli, chini ya kampuni ya Anglo American Platinum. Seli hizo hazikuwekwa peke yake. Ziliambatanishwa na betri nyingi za kubebea mzigo wa jioni, wakati majiko na taa vinapowashwa kwa pamoja.

Upo pia uzee ambao maabara haiupimi, yaani uzee wa kampuni. Kampuni iliyotengeneza PC25, UTC Power, iliuzwa kwa ClearEdge Power mwaka 2013. Mwaka uliofuata ClearEdge ilifilisika, na mali zake zikanunuliwa na Doosan ya Korea Kusini. Wenye mitambo walijikuta wakishughulika na majina matatu katika muda wa miezi 18 hivi. Kwa mteja mkubwa wa Marekani hilo ni usumbufu. Kwa zahanati ya mwambao wa ziwa lingekuwa mwisho wa mtambo.

Kwa hali ilivyo leo, pahali padogo panapohitaji akiba ya usiku mmoja, mabamba ya jua na betri za lithiamu vinatosha, na ni vigumu kuona sababu ya kuleta haidrojeni. Betri nazo huzeeka, ila zinajulikana na hubebeka. Haidrojeni huanza kuwa na hoja pale giza linapoweza kuendelea siku tatu au nne za masika, au mzigo unapokuwa mkubwa kiasi kwamba betri zingejaza chumba: hospitali, kituo cha kugandishia samaki, mnara unaohudumia minara mingine.

Atakayefika hapo na kuandaa zabuni angefanya vema kutoishia katika bei ya kilowati. Saa zinazoahidiwa zilipimwa kwa mzigo gani, na kwa kuwashwa mara ngapi? Mwisho wa umri ni kupoteza asilimia 10 ya volti au 20? Muuzaji anayetumia kipimo cha 20 anaweza kuzitangaza saa mara mbili kwa seli ile ile. Dhamana inahesabiwa kwa saa za kazi au kwa miaka tangu kufungwa? Vichujio vya hewa na vya maji vipo ndani ya bei? Bunda jipya litagharimu kiasi gani mwaka wa tano, na nani atalivusha mto? Volti za kila seli, je, zinarekodiwa mahali ambapo mwenye mtambo mwenyewe anaweza kuzisoma, au ni siri ya muuzaji?

Kuhusu swali hilo la mwisho, kumbukumbu ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote. Sehemu ya volti zinazopotea si ya kudumu; seli iliyokauka ikiloweshwa, au iliyopumzishwa kwa utaratibu, hurudisha baadhi ya nguvu zake. Asiye na kumbukumbu ya volti za mwezi uliopita hawezi kuutofautisha uchovu na uzee, na anaweza kulitupa bunda lililohitaji huduma tu.

Hata bunda lililokwisha kabisa lina thamani, kwa kuwa sehemu kubwa ya platini yake bado imo ndani na viwanda maalumu huweza kuitoa. Tahadhari inahitajika hapo. Bunda kuukuu likiangukia mikononi mwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kuchomwa moto ili plastiki iondoke, kama nyaya zinavyochomwa, utando wake hutoa haidrojeni floridi, gesi inayounguza mapafu. Mkataba unaostahili kusainiwa ni ule unaosema tangu siku ya kwanza kwamba bunda la zamani litarudi kwa muuzaji, kwa gharama yake, siku ile ile jipya linapofungwa.